Kochi Asiyemtoa Mtu Uwanjani

Kochi wetu alikuwa haamini mtu. Naanza na hilo makusudi, maana wanaomsifu siku hizi, hasa wale ambao hawakucheza chini yake hata siku moja, wanamsimulia kama mtakatifu wa kanisani aliyeamini kila kiumbe. Imani gani hiyo? Mlango wake pale Mabanga, mtaa wetu wa Goma, ulikuwa na kufuli mbili, na ufunguo mmoja aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Akinunua makala, yaani makaa ya kupikia, alimwaga gunia zima chini mbele ya muuzaji, atazame kama hayakuchanganywa na mawe. Jirani akimletea sahani ya sombe ya majani ya muhogo, aliuliza kwanza nani amepika, halafu nani ametwanga, ndipo akanawa mikono. Pampu ya kujazia balo, yaani mpira, hakumwachia mtu. Aliificha ndani ya koti, na liwake jua au inyeshe mvua, koti halikuvuliwa.

Mchana alikuwa karani katika depo moja ya mizigo karibu na bandari. Huko nasikia alikuwa balaa: mzigo uliokwisha kupimwa na mwenzake, yeye aliupima tena. Jioni akitoka kazini alikuwa kochi wa timu ya voleyi ya wasichana wa mtaa wetu, timu aliyoiunda mwenyewe kwa nguzo mbili za miti na wavu chakavu aliouomba kwa wavuvi. Na hapo uwanjani mtu huyo wa kufuli mbili aligeuka mtu mwingine kabisa. Ukishavaa jezi yake, alikukabidhi mechi nzima, akaketi juu ya bidoni lake, dumu la njano, na kuanza kutafuna karanga.

Nimecheza chini yake tangu miguu yangu ikiwa vijiti mpaka nikawa mama wa watoto wawili. Nilimpenda. Alinikasirisha pia, na nikimkumbuka bado ananikasirisha. Mabanga wanabishana juu yake hadi leo kwa sababu ya mechi moja, mechi iliyomnyang'anya timu yake, na katika ubishi huo jina langu ndilo linalotajwa. Je, siku ile aliniamini, au alikuwa mkaidi tu? Hilo ndilo nililotaka kulijua miaka yote, na kwa miaka yote sikuthubutu kumwuliza.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya shule, na anayeijua Goma anajua chini yake kuna nini. Mawe meusi ya volkano hayana huruma na ngozi. Voleyi inataka ujitupe chini kuokoa balo, na ukijitupa pale, goti linabaki pale. Mama zetu walipoona magoti yetu walitukataza kurudi. Kochi hakubishana nao. Alinunua jinzi kuukuu, akakata miguu yake, akashonea ndani vipande vya godoro la sponji, akapita nyumba kwa nyumba akiwavalisha mabinti mbele ya mama zao na kuwaambia waanguke sebuleni. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nilikuwa uwanjani tena, na magoti mazito kama ya askari.

Kwenye mazoezi alikuwa na ulimi wa upupu. Alituita marobota, alituita mama wa harusi, aliniuliza mimi kama mikono yangu nimeiazima kwa mtu nimrudishie. Tena aliwaalika madereva wa pikipiki wa pale barabarani waje wasimame kuzunguka uwanja watuzomee.

"Mubatukane muzuri!" aliwahimiza. "Musibahurumie! Siku ya mechi hakuna mutu atabahurumia!"

Madereva walifanya kazi hiyo kwa moyo wao wote, bila kudai senti. Mmoja alizidi wenzake kwa matusi, na mwishowe akamwoa mchezaji wetu mmoja. Harusini kochi aliimba, na hapo niseme ukweli: aliimba vibaya sana. Kwaya ya parokia ilimwomba kwa adabu apumzike, naye akaapa kwamba walimwonea wivu. Hilo hajalisahau mpaka leo.

Lakini siku ya mechi ulimi huo wote ulifungwa. Asubuhi alituita nyumbani kwake, akafungua kufuli zake mbili, akatandika mkeka na kumwaga maharage juu ya ungo. Tuliketi kuyachambua, sisi sote, tukitoa mawe na yaliyooza. Aliyekuwa na ungo mbele yake alipaswa kusema anaogopa nini siku hiyo. Basi. Hakuna aliyemjibu, hakuna aliyemtia moyo, ungo unasogezwa kwa mwingine. Mmoja anaogopa servisi yake, ule mpigo wa kuanzisha mchezo, mwingine anaogopa mume wake atakuja kutazama, mwingine ana tumbo la mwezi. Sijui kwa nini ilisaidia. Labda vidole vikiwa na kazi, mdomo haujali unasema nini. Yeye alisikiliza akiwa amegeukia jiko, maana hayo maharage aliyapika mwenyewe, hakuna binti aliyeruhusiwa hata kuongeza chumvi.

Baada ya mechi tulirudi kuyala, tumeshinda au tumeshindwa. Na sheria ya nyumba yake ilikuwa kwamba aliyekosea zaidi uwanjani ndiye anayepakuliwa wa kwanza, tena sahani ya kujaa. Mara ya kwanza nilipopakuliwa hivyo nililia juu ya chakula. Kochi aliniangalia.

"Mama, kula," akasema. "Machozi iko na chumvi, na ile chumvi nilishapima."

Kila kocha wa voleyi anaruhusiwa kusimamisha mchezo kwa muda mfupi ili azungumze na wachezaji wake. Wetu hakuomba muda huo hata maji yalipotufika shingoni. Wenzake walimshangaa. Yeye alisema, "Nikisimamisha muchezo, nitakuwa naambia batoto kama naogopa. Sasa bo baamini nani?"

Na sheria yake kubwa, ile iliyomponza, ilikuwa hii: hamtoi mchezaji aliyekosea. Ukikosea, unabaki. Unaweza kutolewa ukiwa umechoka, ukiwa umeumia, au ukiwa umecheza vizuri na mwenzako naye anataka jua. Lakini lazima kwanza ufanye kitu kimoja kizuri.

"Mutu hatoke na kosa mukononi," alisema. "Atalipeleka kwake, atalala nalo, kesho atarudi nalo hapa."

Niliiona sheria hiyo ikifanya kazi. Kulikuwa na mwenzetu aliyepiga servisi nje mara mbili mfululizo siku ambayo baba yake, mtu mkali, alikuja kutazama. Alimwangalia kochi ili aitwe nje, karibu anaomba. Kochi alikuwa anamenya karanga. Servisi yake iliyofuata ilipita juu ya wavu kwa unene wa kidole, ikaanguka, na baba yake akaruka juu ya ukuta wa mawe akipiga kelele kuliko wote. Kuanzia siku hiyo yule msichana alitembea tofauti hata sokoni.

Kwa hiyo nisisikie mtu akisema sheria ile ilikuwa ujinga. Ilitulea.

Sasa ile mechi. Wakati huo timu ilikuwa imekua. Mfanyabiashara mmoja wa simenti alitununulia wavu wa kweli na jezi mpya, komite ikaundwa, na yeye akawa prezida wake. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kushinda, na alitaka kushinda haraka, kama watu wengi wanaolipia kitu. Tulikuwa tumefika mechi ya mwisho ya mashindano ya mji, dhidi ya wasichana wa ng'ambo ya mji, na prezida alikuwa amewaalika marafiki zake, wamekaa mstari wa mbele kwenye viti vya plastiki.

Asubuhi, ungo uliponifikia, nilisema sikuwa na woga wowote. Kochi aligeuka kutoka jikoni, akaniangalia, akarudi kwenye chungu chake.

Tulicheza mpaka seti ya mwisho, na katika seti hiyo tulikuwa mbele. Ndipo akaja kupiga servisi msichana wao mmoja wa mkono wa kushoto. Katika voleyi, anayepiga servisi akipata pointi anaendelea kupiga. Yule wa mkono wa kushoto alinichagua mimi. Balo yake ilikuja imenyooka kama inakwenda kwenye kifua changu, halafu kabla ya kufika ikapinda na kudondoka. Ya kwanza iliniponyoka. Ya pili ikagonga kidole na kwenda kwa watazamaji. Ya tatu sikuigusa kabisa. Pointi zetu zilikuwa zinayeyuka na kila mtu alikuwa anajua kwa nini.

Nyuma ya kochi, kwenye benchi, alikuwa Sifa. Tulicheza nafasi moja, mimi na yeye. Mimi nilikuwa mkubwa na mzoefu, kwa hiyo nilianza mechi zote muhimu. Yeye alikuwa mkimya, mfupi kidogo, mwenye mazoea ya kutazama mpira mpaka unaposimama kabisa. Servisi ya tatu ilipoanguka, Sifa alisimama. Alivua suruali ya mazoezi, akakaza kamba za viatu, akabaki amesimama.

Prezida alikuja mpaka kwenye bidoni. Hakunong'ona. Sisi sote tulimsikia, na marafiki zake pia.

"Kochi, toa ule mutoto. Ingiza Sifa."

"Hapana."

"Uko unaona yenye iko inafanyika? Ona pointi!"

"Naona."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, muzee. Usipomutoa saa hii, hii timu kesho iko na kochi ingine. Nasema mbele ya watu."

Nilikuwa naangalia mgongo wa koti la kochi, maana alikuwa amegeuka kumsikiliza. Nilimwomba Mungu amkubalie prezida. Nilitaka kutoka, niseme wazi. Mikono ilikuwa imekufa. Lakini kochi alinigeukia mimi, akaniinamishia kichwa mara moja, kama mtu anayesema endelea, sina haraka. Kisha akatia karanga mdomoni.

Servisi iliyofuata nilijitupa. Nilianguka kwenye mawe na sponji zangu zote, nikaikosa. Iliyofuata pia. Mwamuzi akapiga filimbi na wasichana wa ng'ambo ya mji wakaanza kurukaruka, na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti.

Jioni hiyo tulikula maharage. Nilipakuliwa wa kwanza. Kochi alijaza sahani mpaka ikamwagika, na alikuwa tayari ameambiwa kwamba jezi na wavu na timu si vyake tena. Alizungumza juu ya bei ya makala. Sifa hakuja kula. Tulidhani amefiwa au ameitwa nyumbani, na katika huzuni yangu sikumwulizia. Hakuja pia kwenye mazoezi ya kochi mpya, wala ya mwaka uliofuata. Watu huacha, tukasema.

Mimi sikuacha. Nilicheza miaka mingine mingi, na niseme bila aibu, nilicheza vizuri. Kila nilipookoa balo ngumu nilimwona yule mzee akiniinamishia kichwa. Nilijiambia: mtu huyu aliniamini mpaka akapoteza kila alichokuwa nacho. Siku nyingine nilijiambia: hapana, hakutaka tu kuamriwa na muuza simenti. Wateja wangu wa saluni bado wanalipigia kura jambo hilo nikiwasuka, na kura hazijawahi kutosha upande mmoja.

Yeye alizeeka Mabanga. Depo ilifungwa, kama milango mingi ya mji huu ilivyofungwa, na hakuna mizigo ya kupima. Aliwahi kwenda kukaa Kibati kwa ndugu aliyekuwa na shamba, akarudi baada ya muda akilalamika kwamba watu wa kule wanapika maharage bila kuyachambua. Tulisalimiana njiani. Alinitania juu ya unene wangu, nikamtania juu ya koti.

Halafu majuzi alimtuma mtoto wa jirani aniite. Alikuwa anarudi kwao, upande wa Bukavu, kwa binti yake, kwa kudumu. Aliniomba nimsaidie kubeba furushi mpaka Kituku, soko la kando ya ziwa, kwenye boti. Tulishuka kwa miguu, polepole, kwa kuwa hakutaka pikipiki. Nilijua sitamwona tena, kwa hiyo nikapiga moyo konde.

"Papa kochi, mimi njo nilikupotezea timu."

Aliendelea kutembea. "Nani alikuambia vile?"

"Watu bote."

"Watu bote habakuwe kwenye bidoni." Alipumua. "Wewe ulichoka. Mutu anachoka, hakuna zambi. Nilijua ile servisi haungeishika."

Nilisimama. Hilo sikulitegemea, na liliniuma mahali ambapo sikujua bado panauma. "Ulijua? Sasa juu ya nini haukunitoa?"

"Juu haungerudia kucheza. Nilikujua. Unajifanya mugumu, lakini ungeacha. Nikasema, bon, tupoteze mechi, banichukulie timu, lakini huyu abakie." Akaniangalia pembeni. "Na ulibakia."

Nilianza kulia hapo hapo barabarani, mwanamke mzima na furushi kichwani. Nilitaka kumshukuru. Alinizuia kwa mkono.

"Ngoja. Usinisifu. Sijamaliza." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuangalia wewe, nilimuangalia prezida. Nyuma yangu kulikuwa mutoto amesimama, sikugeuka. Ata mara moja. Wewe haukutoka na kosa mukononi, ni kweli. Yeye nilimurudisha kwabo na nini?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeuliza kama aliniamini mimi, na sikuwahi kuuliza nani hakuaminiwa ili mimi niaminiwe.

"Banasema anauzisha sambaza hapa Kituku," akasema. "Unamujua kwenye anakaa?"

Nilimjua. Kila mtu anayekula sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, anamjua Sifa. Tulimkuta kwenye meza yake karibu na maji, aproni imejaa magamba, anapimia wateja wawili kwa kopo. Alituona, akainamisha kichwa kwa heshima, akamaliza kwanza na wateja. Boti ya kochi ilikuwa tayari inapakiwa na mpakizi alikuwa anaita wasafiri.

"Karibu, papa kochi. Nikupimie?"

"Sikuje kununua, mama." Alivua kofia. Sikuwahi kumwona akimvulia mtu kofia. "Nilikuja juu ya ile mechi. Ulisimama nyuma yangu. Ulikuwa tayari."

Sifa alifuta mikono kwa aproni, taratibu, kidole kwa kidole. "Nilikuwa tayari."

"Najua."

"Hapana, papa. Haukujua. Ungejua, ungeniingiza."

Kochi hakujitetea. Mpakizi aliita tena kutoka kwenye boti na kochi hakugeuza hata shingo.

"Ile servisi ya mukono wa kushoto," akasema mwishowe. "Uliionaka namna gani?"

Nilidhani Sifa atakasirika, au atasema amesahau, ni zamani, kuna maisha. Badala yake alijibu haraka, kama mtu aliyengoja swali hilo hilo. "Alikuwa anaangalia pembeni mbele ya kupiga. Pale kwenye anaangalia, njo pale kwenye balo inaanguka. Aline alikuwa anafuata balo. Balo ilikuwa inamudanganya. Ilikuwa ya kufuata macho."

Aline ni mimi. Mara tano nilitazama balo, na sikuwahi kumtazama yule msichana machoni.

"Nionyeshe," kochi akasema.

Sifa aliangalia huku na huku. Akafungua aproni, akaiweka juu ya sambaza ili nzi wasitue. Akatoka nyuma ya meza, akatafuta mahali pa kusimama kati ya mabeseni na maji yaliyomwagika. Alisogea kushoto, akarudi nyuma nusu hatua, akakunja magoti, akaunganisha mikono yake yenye magamba na kuinyoosha mbele, chini, mahali ambapo mimi sikuwahi kuwa. Akabaki hivyo, macho mbele, katikati ya soko, na wauzaji wenzake wakaacha kuita bei.

Mimi na kochi tulimtazama, na sote wawili tukaona kwamba angeipata.